Kidole Changu cha Mguu Kiingizwe Kwenye Kompyuta ya Maktaba

Kwa Mkuu wa Maktaba ya Chuo,

Salamu nyingi. Mimi ni mchimba visima wa miaka themanini na miwili. Nimezika wake wawili, madaktari watatu walionikataza tumbaku, na meno yangu yote isipokuwa moja. Kwa hiyo nisome umekaa vizuri.

Mjukuu wangu anasoma hapo kwako. Nyumbani tunataka kisima, nami nilishaonyesha pa kuchimba: nyuma ya jiko, kando ya ukuta wa chuo chako. Hapo ndipo kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto huwasha, na kikiwasha, maji yapo. Mtoto akaenda kuuliza kompyuta yako, akarudi na makala: tuchimbe kule bondeni. Ukoo mzima ukampigia makofi. Mimi nikaachwa na kidole changu kama mgeni aliyekosa kiti. Nalalamika hivi:

1. Umewafundisha wanafunzi wasiokote kila kitu mtandaoni, watafute penye kuaminika. Vyema. Mbona tulipoandika "kidole cha babu" kompyuta yako ilileta ugonjwa wa kucha?

2. Eti utafiti wa kweli hupitiwa kwanza na wataalamu wenzako. Wenzangu wote wako makaburini. Niwafukue? Kuchimba najua.

3. Eti mtu mwingine akirudia jaribio, apate jibu lile lile. Shemeji yangu alivaa kiatu changu cha kushoto kutwa nzima, naye sasa anawashwa. Mnataka nini tena?

4. Eti makala mpya hupita za zamani. Hayo ni matusi, na nimeyasikia.

Basi naomba kidole kiingizwe humo kompyutani, juu kabisa, maprofesa wafuate. Ukikataa, nitakuja kukaa mlangoni pa maktaba miguu mitupu, wanafunzi waniulize mimi.

Wasalimie wafagizi, walinzi, na yule binti wa mapokezi aliyenitoa nje kwa adabu.

Ni mimi nisiyekosea,
Mzee Sururu

Shahidi wa haya yote ni shemeji, ila mje nyumbani kwake, kwani viatu havivaliki.

Nyongeza: Sikungoja jibu, nimechimba. Maji yametoka kwa kishindo, meupe, yana harufu ya dawa, yakamwangusha shemeji. Mjukuu anasema ni bomba lenu. Kama vyoo vya maktaba vimekauka, basi mmeona wenyewe kidole hakikosi. Tafadhali iulize kompyuta namna ya kuziba, upesi, na makala yenyewe iwe imepitiwa na watu wengi.