Kitufe Nisichokitengeneza

Marafiki, leo nimeaibika. Tena si kimyakimya. Nimeaibika kwa spika.

Mnaijua ile programu yangu ya kutafutia ndugu waliopotezana kwa vita kule kwetu Kivu Kaskazini. Unaandika jina, unaona kama mtu huyo ameandikishwa mahali, au kama kuna anayemtafuta. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuuchukua, kuurekebisha, kuongeza kitu. Shida ni kwamba huyo "yeyote" kwa muda mrefu alikuwa mimi peke yangu. Hadi juzi, mtu nisiyemjua, anayejiita Kipepeo, aliponitumia kipande cha msimbo alichokiandika. Nilifurahi mno, nikakiingiza bila kukijaribu. (Ndiyo. Bila kukijaribu. Endeleeni tu kusoma.)

Leo baada ya misa, padri wetu hapa mtaani Kampemba akanipa ukumbi wa parokia nitafute wasaidizi. Nikafunga tai, nikaunganisha simu yangu na skrini kubwa ya ukumbini. Watu wakajaa: wanafunzi, wanakwaya, na wafanyabiashara wa kwetu walioacha maduka yao huko na kukimbilia hapa Lubumbashi.

Papa Kasongo, mstaafu wa reli, akainua mkono.

"Ingénieur, hii kintu iko bure kabisa?"

"Kabisa, papa."

"Sasa nani anakula bénéfice, ile faida?"

"Hakuna, papa. Ni yetu wote."

"Aah! Kumbe njo dini mupya?"

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka (kile kicheko cha mtu anayetokwa jasho).

Mama Kavira, anayeuza unga kwa jumla, hakucheka. "Maneno iko mingi. Andika jina, tuone."

Jina la nani? Shangazi yangu Kahindo nimemtafuta kila siku tangu simu yake inyamaze. Sikutaka skrini iniambie "hakuna" mara nyingine, mbele za watu. Nikaandika jina langu, Kambale, kwa mzaha tu. Nani hujitafuta mwenyewe?

Skrini ikajibu: kuna mtu anakutafuta.

Nikasoma mara mbili. Chini yake palikuwa na kitufe chenye picha ya sikio. Mimi sikutengeneza kitufe hicho!

"Ile ni nini?" akauliza Mama Kavira.

"Sijui." (Mhandisi huyo!)

Papa Kasongo alikuwa amesogea mpaka mbele. "Finya, tusikie!"

Nikabonyeza. Simu yangu ilikuwa imeunganishwa na spika za kwaya.

"Mimi ni Kahindo, niko kambini Uganda. Namutafuta Kambale, mutoto wa kaka yangu..."

Sauti yake! Nikashika meza.

"...Iko mwembamba, anaongea sana. Mukiwa na mashaka, muangalie tako lake la kushoto, iko na kovu. Bata alimuuma pale mutoni, akakimbia uchi mpaka sokoni."

Nikatafuta kitufe cha kuzima sauti. Hakikuwepo! (Kipepeo, ndugu yangu, hata kitufe cha kuzima, jamani!)

"Na musifikiri alikuwa mutoto. Alikuwa ameanza ndevu. Mumuambie niko muzima."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, nikijifuta pua kwa tai.

"Ingénieur," akasema Papa Kasongo kwa heshima zote, "tunahakikisha namna gani kama ni weye?"

"Ni mimi, papa!"

"Bila preuve? Tuone kwanza ile kovu!"

Mama Kavira ndiye aliyeniokoa. Akaja na simu yake, macho yamelowa. "Andika na jina yangu. Labda na miye bananitafuta." Nyuma yake watu wakapanga foleni. Wanafunzi wakafungua kompyuta zao na kuanza kutengeneza kitufe cha kuzima, wakibishana kwa raha.

Nikamwandikia Kipepeo. Kumbe ni muuguzi wa kambini. Wazee wengi pale hawajui kuandika, ndiyo maana akaongeza sauti. Akampelekea shangazi simu. Nikamlalamikia shangazi habari za bata, akacheka mpaka akakosa pumzi.

Yeye namruhusu acheke. Ninyi, hapana.