Ndoo Nzito

Mtu yule hakuwa ameoa dada wa mtu yeyote, lakini mji mzima ulimwita Shemeji, kwa sababu ndivyo yeye alivyomwita kila aliyemkaribia. Askari wa lango, shemeji. Muuza vocha, shemeji. Hata mzee wa miaka themanini aliyewahi kuuziwa naye miwani ya vioo vya dirisha, naye shemeji. Ni vigumu kumkatalia shemeji yako. Wengi walijaribu wakashindwa.

Alikuwa na kitu kimoja tu cha kweli, nacho ni pete ya dhahabu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mengine yote, saa, mkoba, kalamu ya mfukoni, hata kile kikohozi chake cha heshima, yalikuwa ya kuazima au ya bandia. Pete ndiyo iliyomlisha. Akiegemeza mkono mezani ikaonekana, watu walianza kumwamini kabla hajafungua mdomo. Na akishafungua mdomo, basi tena.

Jumanne moja asubuhi alikaa kwenye benchi la chai mkabala na yadi ya magari chakavu, akikoroga chai aliyonunuliwa na mtu mwingine. Langoni mwa yadi palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka: AFISA WA ZEBAKI ATACHUKUA NDOO IJUMAA. Shemeji aliisoma mara mbili. Wiki iliyopita tu, sonara wa barabara ya pili alimlalamikia kwamba zebaki ya kunasia vumbi la dhahabu imeadimika, na kwamba atakayemletea ndoo nzima atakuwa ndugu yake wa damu. Shemeji alikuwa na mashemeji wa kutosha. Ndugu wa damu, tena sonara, hakuwa naye.

Akamuuliza muuza chai habari za yadi. Muuza chai, ambaye hana haraka, alimweleza yote. Mwenye yadi ni bibi mmoja mjane. Magari ya zamani yana taa ndogo chini ya boneti na nyingine ndani ya buti, zinazojiwasha kifuniko kikiinuliwa. Kinachoiwasha kila moja ni swichi, kidonge cha chuma kisichozidi punje ya haragwe, na vingi kati ya vidonge hivyo vina tone la zebaki tumboni. Gari likienda kwenye tanuru na kidonge chake, tone lile hugeuka moshi wa sumu ukaingia vifuani mwa watu. Kwa hiyo lazima vyote vitolewe kabla gari halijashindiliwa. Mashine ya kushindilia inakuja Ijumaa hiyo hiyo, na afisa akikuta kidonge hata kimoja kimesahauliwa, yadi inafungwa.

Shemeji alisikia neno ndoo na neno afisa. Mengine yalipita na mvuke wa chai.

Koti jeupe aliliazima kwa kinyozi. Faili aliliokota. Saa nne kamili aliingia yadini akikohoa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akajieleza kwamba ametoka ofisi ya zebaki, na kwamba wakubwa wameona vema aje mapema, wasimsumbue mtu mzima siku yenye mashine na kelele. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti kilichong'olewa katika basi, chini ya bati lililoegemezwa ukutani. Alimtazama taratibu, kuanzia nywele za watu zilizobaki begani mwa koti mpaka kandambili zilizokuwa miguuni, ya kushoto nyekundu, ya kulia nyekundu kidogo.

"Mungu ndiye aliyekuleta," akasema. "Magoti yangu hayapindi tena, na nimebakiwa na magari hamsini na mawili. Mwenzako akija huwa anavitoa vidonge mwenyewe kwa mkono wake. Au siku hizi utaratibu umebadilika?"

Hapo Shemeji alipaswa kusema umebadilika. Lakini tapeli aliyevaa cheo hukilinda kuliko mwenye cheo halisi.

"Utaratibu ni ule ule, bibi," akasema.

"Basi glavu hizi hapa. Na vua pete hiyo, mwanangu. Zebaki ikigusa dhahabu, dhahabu inakuwa kama bati na hairudi."

Akaivua. Bibi akaifunga kwenye pindo la mtandio wake, mafundo mawili, akampa bisibisi na koleo.

Kazi yenyewe si ya kutamaniwa. Unainua boneti, na kama fimbo yake imeoza unaizuia kwa kichwa. Unatafuta taa, unafungua skrubu moja yenye kutu, unachomoa kidonge polepole bila kukibana, maana kikipasuka hakuna wa kuiokota zebaki yake. Kisha unakwenda nyuma kwenye buti, ambalo daima limekwama, na ndani yake daima pana kitu kilichowahi kuwa hai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao wahenga walisema hivyo kabla hawajaona buti la gari lililokaa juani miaka kumi na moja.

Kila alichotoa alikipeleka kwa bibi. Bibi alikitikisa kidogo karibu na sikio lake, akakitia ama kwenye ndoo ya bluu ama kwenye ndoo nyekundu, ambazo tayari zilikuwa na vidonge vya magari yaliyotangulia. Saa ya kwanza kabisa alimweleza kwa nini. Shemeji wakati huo alikuwa anamsimulia alivyosomea zebaki ng'ambo, darasa zima likiwa yeye na mwalimu tu, na mwalimu ndiye aliyekuwa akiuliza maswali.

Ndivyo ilivyokuwa Jumanne, Jumatano, mpaka Alhamisi alasiri. Alipasuka viganja, akaungua shingo, akagongwa na boneti mara tatu, moja ikiwa ya makusudi, yeye aliamini. Mdomo haukupumzika. Alimsifu bibi kwa yadi, kwa mwandiko wake, kwa wajukuu ambao hakuwahi kuwaona. Bibi aliitikia "haya" na "kweli?" na "bado safu ya ukutani, mwanangu." Usiku Shemeji alilala akijipongeza: bibi wa watu anaingizwa mjini, na mjini kwenyewe anapelekwa juu ya kiti chake.

Gari la hamsini na mbili lilipokwisha, ndoo mbili zilifunikwa zikawekwa mbele ya kiti.

"Afisa anachukua ngapi?" bibi akauliza.

Shemeji alikuwa amefikiria kubeba zote, lakini mgongo ulikataa. Akainua ya bluu. Akainua nyekundu. Nyekundu ilikuwa nzito zaidi.

"Hii."

"Hiyo? Una hakika?"

"Bibi, sisi tumesomea."

"Sawa, mwanangu. Mwenye elimu habishiwi." Bibi akagusa lile fundo la mtandio. Akaeleza kwamba yadini kwake, tangu enzi za marehemu mume wake, kila anayetoka na ndoo huacha amana mpaka arudishe stakabadhi ya ofisi. Hata mwenzake huacha kitambulisho. Yeye kitambulisho anacho?

Shemeji alitazama fundo, akatazama ndoo. Baba alimpa pete moja. Ndoo hii ingempa pete za vidole vyote, na vya miguu. Akasema pete na ibaki, kwa muda.

Sonara alifunga mlango wa duka, akatandika kitambaa, akafungua ndoo kwa heshima kama anayefunua chungu cha harusi. Akachukua kidonge, akakitikisa sikioni.

*Tiki.*

Akachukua kingine. *Tiki.* Akachimba mpaka chini kabisa, akatoa kimoja cha mwisho. *Tiki.*

"Shemeji," akasema taratibu, "zebaki haisemi. Ikitembea, imetembea. Hivi ni vya gololi, kipande cha chuma kinachobingirika ndani. Kila fundi wa magari analijua hili, hata mimi ninalijua. Aliyekuuzia hakukwambia?"

Shemeji akakitikisa kimoja mwenyewe. Kulikuwa na jambo bibi alilomweleza saa ya kwanza ya Jumanne, lakini lilikuwa limefunikwa na sauti yake mwenyewe.

Ijumaa alirudi yadini na ndoo yake. Mashine ilikuwa inameza gari la ishirini na kuligeuza kuwa kitu cha ukubwa wa sanduku. Pembeni ya kile kiti cha basi alisimama msichana mwenye buti za mpira na kitambulisho kifuani, akiifunga ndoo ya bluu kwa utepe.

"Huyu ni mjukuu wangu," bibi akasema, "mtoto wa binti yangu wa pili. Ndiye afisa wa zebaki wa mji huu. Nilimwambia ofisi imeniletea msaidizi. Alishangaa sana, maana ofisi yao ni yeye na meza."

Msichana alilitazama koti. "Hamsini na mawili," akasema, "na sijakuta kilichosahauliwa hata kimoja. Hata mimi huwa nasahau. Umesomea wapi?"

Shemeji akaitua ndoo yake chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amekuja kufuata pete ya baba yake.

"Stakabadhi?" bibi akauliza, mkono ukiwa juu ya fundo.

Hakuwa nayo. Akienda polisi angesema nini? Kwamba akijifanya afisa alitoroka na ndoo, na ndoo haikuwa ile? Alibaki amesimama na gololi zake, wakati mashine ikimeza la ishirini na moja.

Bibi hakuwa mtu mbaya. Akamwambia kwamba jana jioni yaliletwa magari kumi na saba, yapo nyuma ya kontena, na mashine inarudi Jumatatu. Amana inaweza kutoka kwa stakabadhi, na inaweza kutoka kwa kazi. Yeye mwenyewe hana upendeleo.

Shemeji alivua koti la kinyozi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya ndoo.

"Glavu ni zile zile?"

"Zile zile, mwanangu. Nimezifua."

Akaenda nyuma ya kontena. Akainua boneti ya kwanza, akaizuia kwa kichwa, akachomoa kidonge, akakipeleka sikioni na kukitikisa. Kikanyamaza. Naye, kwa mara ya kwanza tangu mji ule umjue, akanyamaza.