Hoyee Niliyoipiga Mbele ya Hakimu

Leo nimeaibika mahakamani, jamani.

Mnajua mwekezaji alivyokiziba kijito chetu hapa Misima. Mahindi yamekauka. Basi leo tulikwenda Handeni kuomba kibali: kijiji kizima tufungue kesi moja, mimi mwenyekiti wa kitongoji niwe msemaji. Tukinyimwa, itabidi kila mtu ashtaki peke yake. Shangazi yangu Mwanahamisi ataanzia wapi, na miguu yake ile mibovu?

Wakili wetu alinionya mlangoni: "Mwenyekiti, jibu unachoulizwa tu. Usiongeze neno."

"Sawa," nikasema.

Akasimama wakili wa mwekezaji. Sauti ya upole, ile inayotisha kuliko ukali. Pembeni yake kakaa Mzee Omari, msimamizi wa shamba la mwekezaji, naye ni jirani yetu kabisa.

"Mheshimiwa, watu hawa hawana dai moja. Huyu analilia mahindi, yule ng'ombe, yule mchicha. Na nani kasema wamemridhia bwana huyu?"

Hakimu akanitazama juu ya miwani. "Mwenyekiti, utaionyeshaje mahakama kuwa wenzako wako nawe?"

Niliogopa, siwafichi. Nikageuka nyuma. Watu wa Misima wamejaa kwenye mabenchi, wamenitolea macho vilevile kama kwenye mkutano wa kitongoji. Hapo akili ikaniaga. Nikitazamwa vile na watu wale, mkono unajua kazi yake. Ukapanda wenyewe, ngumi imekunjwa.

"Misima hoyeee!"

"Hoyeeee!"

Mahakama nzima! Hata askari wa mlangoni aliinua ngumi, kisha akaishusha polepole akijifanya anakuna kichwa.

Mwenye akili angeishia hapo. (Si mimi.)

"Mwekezajiii?"

"Ziiiiii!"

Hakimu akaweka kalamu chini. Wakili wetu akafunika uso. Nikajua leo nalala mahabusu, na nani atamwambia mke wangu? Lakini hakimu hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Mzee Omari, ambaye ngumi yake ilikuwa bado iko juu.

"Mzee, wewe si umekuja na upande wa mwekezaji?"

"Ndiyo, mheshimiwa." Mzee wa watu akasimama. "Nisamehe. Lakini hata mimi mahindi yangu yamekauka."

Wakili wa mwekezaji akamtazama weee. Hakimu akachukua kalamu, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Na wewe kaa chini. Ukirudia, unalala ndani."

Nikakaa haraka. Kwenye mapaja ya wakili wetu.

Uamuzi tutasomewa wiki ijayo, na usingizi sina. Msinicheke, nawaomba. Na ninyi wa Misima mtakaokuja kusikiliza, tafadhalini: mikono mfukoni.