Makala ya Mlango wa Mbele

Idara ya Uhakiki wa Uhai ilitangaza kwa furaha kubwa, na kwa nakala nane zenye muhuri, kwamba kuanzia Jumatatu watumishi wake wote, wakubwa kwa wadogo, wangejifunza kushawishi. Utafiti ulikuwa umegundua jambo la kusikitisha: wananchi walitii matangazo ya Idara bila kuyaamini. Kutii walitii, lakini kwa sura ya mtu anayemeza dawa chungu, na Wizara iliona kuwa wakati umefika wa kutii kwa moyo mkunjufu.

Mkurugenzi alikuwa ameutia saini waraka huo bila kuusoma, kama inavyofaa katika ofisi ambayo watu wanaaminiana. Ndiyo maana alishangaa, Jumatatu saa kumi jioni, kuambiwa kuwa neno "wakubwa" lilikuwa linamhusu yeye.

Mwalimu alikuwa mama mmoja mstaafu ambaye alimwita kila mtu "mwanafunzi", awe mhasibu au dereva. Aliwapanga wawili wawili kwa jinsi walivyoingia. Mkurugenzi aliingia wa mwisho kwa sababu mkubwa hangojei watu, na mfagiaji wa ofisi aliingia naye kwa sababu alikuwa bado anafuta meza watakazokalia wenzake. Wakajikuta dawati moja, nyuma kabisa, chini ya feni iliyokuwa inazunguka kwa kujilazimisha.

Mfagiaji huyo alikuwa mama aliyefagia ofisi ya Mkurugenzi kwa miaka tisa, na Mkurugenzi alimfahamu vizuri sana kwa viatu. Uso wake alikuwa anauona leo kwa mara ya kwanza, maana mara zote alipoingia na ufagio, yeye alikuwa ameinamia faili. Aliona ni uso wa mtu mzima mwenye akili zake, akampa hongera moyoni.

Mwalimu akaeleza kuwa makala ya kushawishi haianzi na kalamu, inaanza na mpango. Kwanza dai, yaani kile unachotaka msomaji akubali. Halafu sababu, halafu ushahidi, na mwisho hoja pinzani, yaani yale atakayosema mtu asiyekubaliana nawe, pamoja na majibu yake. Wenza wapange pamoja, waweke sahihi zote mbili juu ya ukurasa, kisha waendelee kuandika wiki nzima.

Mkurugenzi alipendekeza mada hapo hapo: Umuhimu wa Idara ya Uhakiki wa Uhai. Mwalimu, aliyekuwa anapita, akauliza ni nani anayeupinga umuhimu huo. Mkurugenzi akajibu kwa fahari kuwa hakuna.

"Basi hiyo si makala, mwanafunzi," Mwalimu akasema. "Hiyo ni salamu."

Hapo mfagiaji akakohoa kidogo, akasema yeye ana mada, kama bosi hatajali. Alitaka waandike kwamba mlango wa mbele ufunguliwe kwa watu wote.

Inabidi hapa tuielezee Idara, na ni kazi nyepesi. Kila baada ya miezi mitatu, kila mstaafu na kila mtumishi hufika mwenyewe Dirisha Namba Tatu, ghorofa ya juu, kuthibitisha kuwa yu hai. Asiyefika kabla ya saa sita mchana ya siku ya mwisho huhesabiwa kuwa amefariki kiutawala, jina lake hukatwa kwa wino mwekundu, na faili lake hubadilishwa kuwa la kijani. Hicho ni Kifungu cha Tisa, na alikitunga Mkurugenzi mwenyewe. Kabla yake watu walikuwa wanakufa kiholela bila kuiarifu ofisi.

Sasa, jengo lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa mpana, usawa wa barabara, na ndani yake kulikuwa na lifti. Huo ulikuwa wa wageni rasmi na wa Mkurugenzi. Wananchi walizunguka nyuma, wakapita kwenye mapipa ya taka, wakapanda ngazi arobaini na mbili zisizo na mahali pa kushika. Mfagiaji aliijua idadi yake kwa kuwa ndiye aliyezifagia.

Na alikuwa na mama yake, mstaafu wa miaka themanini na mmoja, mwenye nyonga iliyovunjika ikaunga vibaya. Miezi mitatu iliyopita bibi huyo alizipanda ngazi hizo kwa makalio, moja moja, mgongo ukitangulia, na akafika juu zikiwa zimebaki dakika nne. Siku ya mwisho safari hii ilikuwa Ijumaa hiyo hiyo. "Sidhani kama ataweza tena, bosi," mfagiaji akasema. "Na akikatwa jina, hata dawa zake hospitali hatapewa. Nitakuwa na mama mzima nyumbani, marehemu kwenye karatasi."

Mkurugenzi aliguswa, kwa kiwango kinachoruhusiwa. Akasema ni mfano mzuri wa sababu, auandike. Yeye mwenyewe hakuwa na hofu yoyote na dai hilo, kwani alijiwekea sehemu ya hoja pinzani, na alikuwa na uhakika kuwa ataliponda mpaka liombe radhi. Wakaandika juu ya ukurasa: Mlango wa mbele ufunguliwe kwa watu wote. Wakatia sahihi, yake ikiwa kubwa zaidi.

Ugomvi ukaja kwenye ushahidi. Mkurugenzi alisema ngazi za nyuma hazina shida yoyote, kwa kuwa katika miaka tisa sanduku la maoni halijapata lalamiko hata moja. Mfagiaji akakumbusha kwa adabu kuwa sanduku hilo liko ndani ya mlango wa mbele. Mwalimu akaamua kesi: ushahidi wa kusikia hautoshi, mmoja wao akaone kwa macho.

Basi Mkurugenzi akajitolea. Alikuwa mtu wa vitendo, hilo hatumnyimi. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye rejista ya walio hai, kwa ajili ya kuonyesha mfano, na kila safari katibu wake ndiye aliyekuwa akimwekea alama ya vema. Safari hii akamwambia katibu aache, atapita mwenyewe Ijumaa, kwa ngazi za nyuma kama mwananchi, aje aandike hoja pinzani kwa uzoefu. Ukurasa wa mpango akauacha mezani kwake, ukiwa na nafasi tupu chini.

Ijumaa saa nne asubuhi alipita kwenye mapipa. Saa nne na nusu alikuwa ngazi ya saba. Aliwaeleza waliomtangulia kuwa yeye ni Mkurugenzi, na mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akamjibu kwa upole kuwa hapo kwenye ngazi kila mtu ni mkurugenzi wa miguu yake. Kwenye ngazi ya kumi na tisa kijasho kilimtoka, akavua koti. Kwenye ya thelathini akaona kuwa ngazi hizi zina shida ndogo, inayoweza kuundiwa kamati. Chini kabisa, alipogeuka, alimwona mfagiaji na mama yake. Bibi alikuwa amekaa ngazi ya tatu akipumua, binti yake amemshika kwapani, na wote wawili wanatazama saa.

Alifika dirishani saa sita kasoro dakika mbili. Karani wa Dirisha Namba Tatu alikuwa kijana ambaye Mkurugenzi mwenyewe alimwandikia barua ya pongezi kwa kutomtazama mtu usoni, jambo linaloondoa upendeleo. Hakuinua macho. Aliomba barua ya mtaa inayothibitisha kuwa aliyefika ndiye aliyefika.

"Mimi ni Mkurugenzi wako," Mkurugenzi akasema.

"Mkurugenzi hapiti huku, mzee wangu. Ana lifti."

Saa ikagonga sita na pazia likashuka. Karani akafungua rejista, akaona jina la kwanza halina alama, akalikata kwa wino mwekundu na mstari ulionyooka vizuri. Kisha, kwa kuwa marehemu alikuwa mtu mkubwa, akapiga simu moja.

Watu husema Idara ni nzito, lakini siku hiyo ilikwenda mbio. Kifungu cha Kumi na Nne kinasema afisa mkuu akifariki, mlango wa mbele hufunguliwa kwa waombolezaji na siku ya kazi, pamoja na uhakiki, hurefushwa hadi saa kumi na moja jioni. Marehemu alikiandika akiwa na afya njema, akifikiria heshima yake ya baadaye. Saa saba kamili mlango ulikuwa wazi, picha yake iko mezani na kitabu cha rambirambi kiko mbele yake. Karani aliletwa chini pamoja na rejista yake na muhuri wake kupokea waombolezaji, kwa kuwa ndiye pekee aliyevaa tai siku hiyo.

Wananchi waliokuwa wamekwama kwenye ngazi walizunguka mbele. Mfagiaji alimwingiza mama yake taratibu, kwenye sakafu aliyoifagia mwenyewe asubuhi. Bibi aliweka alama ya kidole kwenye kitabu, akampa pole Karani kwa kufiwa, na Karani, ambaye siku yake ya kazi ilikuwa imerefushwa na hakuwa na sababu ya kukataa, akampigia muhuri wa kuwa hai. Mfagiaji alilia pale pale mbele ya picha, na Naibu Mkurugenzi akaguswa kuona jinsi marehemu alivyopendwa na wafanyakazi wa chini.

Marehemu naye alikuwepo. Alisimama kwenye foleni kama wengine, akafika mezani, akaomba apigiwe muhuri. Karani alimnong'oneza kwamba haiwezekani kumhakiki mtu akiwa anaombolezwa, ni kuvuruga msiba. Ili asiondoke mikono mitupu alisoma kitabu. Mtu mmoja alikuwa ameandika: Hatukumfahamu, lakini mlango wake ni mzuri.

Kisha Naibu akahutubia. Alikuwa naibu kwa miaka saba na hotuba ilikuwa tayari. Alisema amekuta mezani kwa marehemu ukurasa mmoja wenye sahihi yake, ukiwa na neno lake la mwisho: Mlango wa mbele ufunguliwe kwa watu wote. Wengine huacha wasia wa nyumba na mashamba, akasema, huyu ameacha mlango. Mwanasheria wa Idara alikwishauhakiki wasia huo, nao ungeheshimiwa daima, kwa sharti la kawaida kwamba mwenye kuusia abaki amefariki. Watu walipiga makofi, na marehemu, kwa mazoea ya kazi, akapiga pia.

Jumatatu saa kumi jioni aliingia darasani wa kwanza, akakaa nyuma chini ya feni. Nyumbani mkewe alikuwa amemkubali kuwa hai, lakini alikuwa ameshaandaa chakula cha wageni wa msiba na hakutaka kubishana na serikali. Mwalimu hakuwa na neno. Kwake mwanafunzi ni mwanafunzi.

Mfagiaji alipoketi, mwenzake alisogeza karatasi katikati ya dawati. Alisema anahitaji msaada wa kupanga makala, mara hii ya kweli. Juu ya ukurasa alikuwa ameandika dai: Mimi ni hai.

Mfagiaji aliisoma mara mbili. Alimwonea huruma, na hakuificha. Lakini pia alikuwa na mama ambaye baada ya miezi mitatu angetakiwa kufika tena.

"Ukifufuka, bosi, mlango unafungwa," akasema.

"Nitauacha wazi. Nakuahidi."

"Hiyo nayo ni makala nyingine, na ngumu kuliko hii." Akachukua kalamu. "Haya, tupange. Mwalimu amesema sababu iwe ile ambayo msomaji ataiona ina faida kwake. Taja sababu moja ya wananchi kutaka uwe hai."

Mkurugenzi alifungua mdomo. Akapita haraka kwenye miaka yake tisa, waraka kwa waraka, kifungu kwa kifungu, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Alirudi mwanzo akapita tena, polepole. Feni ilizunguka. Wenza wengine walikuwa wameshafika kwenye ushahidi.

"Naomba muda nifikirie," akasema mwishowe.

"Chukua tu, bosi," mfagiaji akamwambia, na alimaanisha kwa wema. "Dirisha linafunguliwa tena baada ya miezi mitatu. Na siku hizi hakuna kupanda ngazi."