Hotuba ya Kuzindua Bustani ya Nyuma ya Jiko la Bi Rukia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa majukumu mazito ya kitaifa hakuweza kufika, na badala yake amemtuma Mwakilishi wake, ambaye naye kwa majukumu mazito yanayofanana na hayo ameishia Soni kununua matunda damu, na badala yake amemtuma dereva wake, Ndugu Kornelio, ambaye kuanzia sasa hadi jua litakapozama ataitwa Mheshimiwa (Kornelio anasimama, anavua kofia, anakaa, anasimama tena). Ndugu Mwenyekiti wa Kitongoji chetu cha Kwemlalo. Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, Wajumbe wa Kamati ya Mapokezi, na Wajumbe wa Kamati ya Kuratibu Kamati. Shehe wetu na Mchungaji wetu, mliokaa chini ya turubai moja, jambo ambalo nalo tumeshaliandika kama mafanikio ya mradi. Akina baba mliokaa. Akina mama mliosimama. Na wewe Bi Rukia, mwenye jiko ambalo bustani hii iko nyuma yake: kama kuna mtu sijamtaja, ajitaje mwenyewe kimoyomoyo na ahesabu kwamba nimemtaja.

Onga makeo! (Hiyo ni salamu ya asubuhi kwa lugha ya hapa, na sasa ni saa nane kasoro robo mchana. Mzee mmoja tu anaitikia, kwa huruma.)

Ahsanteni kwa mwitikio huo mkubwa. Mimi ni Faraji, Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Programu Jumuishi na Shirikishi ya Bustani za Kaya Ukanda wa Milimani, na siwezi kuficha kwamba mimi ni mtoto wa milima hii hii, nimezaliwa hapo bondeni kabla hujafika Mgwashi, nimekula mboga za milima hii hadi nikaenda shule, na nimerudi leo kuwafundisha namna ya kuzipanda. (Makofi ya watu wawili. Wa tatu alikuwa anaua mbu.)

Ndugu wananchi, tulipofika hapa Jumanne kufanya upembuzi yakinifu, tulikuta nini? Naomba tuambizane ukweli. Tulikuta eneo la hatua kumi na mbili kwa tisa likiwa limetelekezwa kwenye mikono ya mwananchi mmoja ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akilima bila mwongozo, bila dira, bila kikao hata kimoja! Mchaichai umeota pembeni, mchicha uko katikati ya magimbi, kotimiri imejificha chini ya mgomba, na pande zote, tena kwa wingi wa kutisha, gugu fulani jeusijeusi lenye vitunda vidogo, ambalo tulilitafuta katika Mwongozo wa Programu kurasa zote mia moja na arobaini na hatukuliona. Timu ya wataalamu, nikiiongoza mimi mwenyewe kutoka ndani ya gari kwa sababu ya umande, ikaling'oa lote, na hapo lilipokuwa ndipo tulipotandika zulia jekundu na kuweka meza kuu hii.

(Bi Rukia, kutoka mlango wa jiko: Mheshimiwa, ule mnavu wangu mliung'oa mkaupeleka wapi?)

Swali zuri sana, mama yangu, na linaonyesha kwamba uelewa wa wananchi umepanda. Maswali tutayapokea mwishoni.

(Bi Rukia: Nina mzazi ndani. Binti yangu Latifa amejifungua leo siku ya nane, na chakula chake ni huo mnavu. Nauliza tu ulikopelekwa.)

Hongera sana kwa kupata mjukuu, na napenda kutamka mbele ya Mheshimiwa Kornelio kwamba mtoto huyo ameingizwa katika takwimu zetu kama mnufaika. (Mtoto analia ndani ya nyumba.) Mmesikia wenyewe. Kizazi kijacho kinaunga mkono.

Sasa nije kwenye takwimu, maana mradi bila takwimu ni porojo. Kabla ya programu hii, kaya zilizokuwa na bustani zenye vigezo hapa Kwemlalo zilikuwa asilimia sifuri. Leo hii tunapozungumza, ni asilimia mia moja na kumi na mbili. (Sauti: Hizo kumi na mbili zinatoka wapi?) Zinatoka kwenye makadirio. Aidha, wastani wa karoti kwa kila mwananchi umefikia tatu nukta saba kwa mwaka, na hiyo nukta saba, ndugu zangu, ni ile sehemu ya karoti ambayo mtu mwenye meno mabovu huiacha. Kuhusu kotimiri, harufu yake imeongezeka mara nne, kwa kipimo cha kunusa kilichofanywa na mjumbe ambaye kwa bahati mbaya siku hiyo alikuwa na mafua, kwa hiyo inawezekana ni mara saba.

Tazameni kulia kwangu! Matuta sita, yamenyooka kama yamepigwa rula. Tuta la kwanza ni kabichi. La pili ni chainizi. La tatu karoti, la nne spinachi, la tano hoho, na la sita ni letasi, ambayo kwa siku mbili tu, tangu jana asubuhi, imefikia kimo cha kuvunwa. Mkulima gani wa milima hii, tangu enzi za babu zetu, amewahi kupata letasi kwa siku mbili? (Kicheko kutoka kwa akina mama.) Ni teknolojia, ndugu zangu. Ni teknolojia na usimamizi.

(Sauti ya mwanamke: Mbona imelala?)

Haijalala, imetulia. Mboga za kienyeji ndizo zinazosimamasimama hovyo kila mgeni akipita. Mboga za mradi zina nidhamu, na ikifika mchana hupumzika ili zifanye kazi usiku.

(Sauti nyingine: Chainizi nayo ina kamba ya mgomba. Imefungwa fungu.)

Hiyo ni kamba ya ushirika. Tunahimiza mazao yajiunge kwenye vikundi yakiwa bado shambani, kwa sababu mnyororo wa thamani hauanzii sokoni. Naomba muwe wavumilivu kidogo, hotuba hii ina sehemu tisa na sasa niko ya pili, na jua hili sikuliweka kwenye ratiba mimi.

Sasa, kwa heshima na taadhima, namwomba Mheshimiwa Kornelio asogee tuta la kwanza aguse kabichi moja kwa niaba ya Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, iwe ishara ya uzinduzi. Mpiga picha ajiandae. Gusa kidogo tu, Mheshimiwa. Kwa kidole.

(Kornelio anagusa kabichi kwa kidole. Kabichi inatikisika, inatoka kwenye tuta, na kwa kuwa Kwemlalo yote imelala kwenye mteremko, inaanza kubingirika. Inapita kati ya miguu ya Mchungaji, inamkwepa Shehe, inashuka ngazi za mawe na kusimama kwenye mlango wa jiko, mbele ya Bi Rukia. Bi Rukia anaiokota na kuigeuza. Chini imekatwa kwa kisu, haina mzizi. Anaiinua watu wote waione, kisha anaiweka kizingitini. Watu wanacheka hadi turubai linatikisika.)

Makofi kwa kabichi! Makofi, ndugu zangu! Hayo ndiyo tunayoyaita huduma hadi mlangoni. Nani kati yenu aliwahi kuona kabichi ikimfuata mlaji nyumbani kwake? Na kuhusu mzizi, nafafanua kwamba Programu iliamua kwa makusudi kuanza na majani, ambayo ndiyo yanayoliwa, na suala la mizizi litashughulikiwa awamu ya pili.

(Kornelio: Mheshimiwa, nami nimelelewa shambani, kwetu Bumbuli. Hizi hazijapandwa. Zimechomekwa.)

Nakushukuru kwa mchango wako wa kitaalamu, Mheshimiwa, na naagiza neno hilo liingie kwenye ripoti. Kilimo cha kuchomeka! Hata wenzetu wa Zirai bado hawajafika huko.

Ndugu wananchi, kwa sababu ya muda, na kwa sababu ya hali ya spinachi kama ninavyoiona kutoka hapa, naruka sehemu ya tatu hadi ya nane na kwenda moja kwa moja kwenye shukrani. Nawajulisha pia kwamba kwa mujibu wa kalenda, Programu hii iliyoanza jana asubuhi inafungwa leo saa kumi jioni, hivyo uzinduzi huu ni uzinduzi, ni tathmini ya katikati, na ni mahafali. Haijawahi kutokea mradi ukakamilika kabla ya muda kiasi hiki.

Namshukuru kwanza Ndugu Paskali, mfanyabiashara wa mboga, aliyetuazima mboga zote mnazoziona, kwa makubaliano kwamba zirudi kwenye matenga yake kabla ya saa tisa, lori lisije likamwacha. Paskali, usinikunjie uso, zilizonyauka zimwagie maji. Namshukuru mwandishi wa andiko la mradi, ambaye ataanza kuliandika wiki ijayo. Nawashukuru wafadhili, ambao tutaanza kuwatafuta andiko likishakamilika. Nashukuru duka la pembejeo kwa mbegu ambazo hatukuzichukua. Na ninamshukuru Bi Rukia kwa kutupatia eneo, ingawa hatukupata nafasi ya kumwomba.

Lakini shukrani za pekee, ndugu zangu, na hapa naomba niongee kama binadamu, ziwaendee wapishi wetu, Marta na Beatha. Kwa kuwa mgeni alichelewa, tulianza na chakula. Nimekula kwenye mahoteli, nimekula kwenye semina, lakini ile mboga ya leo, ile yenye uchungu kidogo, mliyoiunga kwa maziwa ya mgando, niliomba niongezewe mara tatu, na ya mara ya tatu nilikwangua sufuria. Imenikumbusha marehemu mama yangu. Alikuwa akiipika hivyo hivyo, na mimi nikisubiri pembeni na bada langu la muhogo. Sikuwa nimeionja tangu tumzike. Naagiza hapa hapa, mboga hiyo iingizwe kwenye Mwongozo, ukurasa wa kwanza. Beatha, inaitwaje?

(Beatha anamtazama Bi Rukia. Bi Rukia anatazama chini.)

(Beatha: Ni mnavu, Mheshimiwa. Tuliuokota kwenye lile rundo mlilolitupa Jumanne. Tuliona hasara uoze.)

(Bi Rukia: Basi nimejibiwa. Ndio huo, mwanangu. Ulikuwa wa Latifa. Ndio mmeumaliza.)

(Kipaza sauti kinakoroma. Ndani, mtoto analia tena.)

Taarifa hiyo... nimeipokea. Mimi mboga huzifahamu zikiwa mezani, Bi Rukia. Zikiwa ardhini nimeshazisahau. Sasa, kwa mujibu wa utaratibu, ningesema tuunde kamati. Lakini kabla ya hapo tumalizie na kaulimbiu yetu, mnajua inavyojibiwa. Nikisema bustani nyumbani, mnasema afya mezani. Bustani nyumbani!

(Umati: Iko wapi?)

Bustani nyumbani!

(Umati: Mmekula!)

Basi inatosha, nadhani ujumbe umefika. Namkaribisha Mheshimiwa Kornelio aseme neno moja, kwa niaba ya wale wote ambao hawapo.

(Kornelio, kofia mkononi: Mama, shikamoo. Mnavu wako haujaisha. Ule ulikuwa umeiva, vitunda vyake vimepukutikia humu humu kwenye udongo, chini ya zulia na hivi viti. Wiki mbili tatu utauona umeota. Hauhitaji uzinduzi, unahitaji sisi tutoke juu yake.)

(Makofi. Haya ni makofi kweli. Bi Rukia anaitikia marahaba, anachukua jembe ukutani na kuja hadi meza kuu. Anakunja ncha ya zulia jekundu, anakagua udongo, kisha anamwambia Mratibu kitu kwa sauti ndogo.)

Ndugu wananchi, ahsanteni kwa kunisikiliza. Nawaomba akina baba wanne waje wabebe meza, na Paskali alete matenga yake. Hotuba yangu inaishia hapa, kwa sababu naambiwa niinue miguu.

(Anainua miguu.)