Kukaa Kama Tufaha

Jumamosi, 14 Oktoba

Wiki tatu za ndoa! Roseline ameamka nywele zote zikiwa upande mmoja wa kichwa, mzuri kuliko mlima. Nimemwambia hivyo. Baba mkwe akakohoa.

Ukuta kati yetu na Baba mkwe ni mwembamba kama biskuti. Nikimbusu mke wangu shavuni, anakohoa. Nikimbusu kwingine, anawasha redio. Jana tulisikiliza taarifa yote ya hali ya hewa, pamoja na ya mabaharia.

Lazima tupate nyumba. Na nyumba ipo! Kijumba cha Bibi Léocadie, bibi yake Roseline, pale mwisho wa kijiji. Kuta nene za mawe. Dirisha linautazama mlima Sainte-Victoire uso kwa uso. Bibi amehamia karibu na kanisa kwa ajili ya magoti yake, ufunguo anao mfukoni mwa aproni, na leo baada ya chakula ametangaza jinsi atakavyoutoa.

Kila Oktoba hapa Peyrolade tunamkumbuka mchoraji Cézanne. Watu wawili hai wanaketi uwanjani kama wacheza karata wa picha yake: meza, chupa, mmoja na kiko mdomoni, mwingine bila kiko. Wanashika karata saa nzima bila kutikisika, na wageni wanapiga picha. Marehemu mume wa Bibi alikaa miaka na miaka kwenye kiti cha kiko, hata nyigu alipomtua puani hakukunja uso. Bibi anasema nyumba ile ni ya mwanamume anayeweza kutulia. Basi mwaka huu tutaketi mimi na Barthélemy, binamu yake Roseline. Atakayetikisika kwanza, nyumba kaikosa.

Barthélemy! Hana mke, hana mchumba, hana hata paka. Anataka kuweka pikipiki zake mbovu mle ndani. Dirisha lile, mlima ule, kwa ajili ya kabureta!

Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Akasema, pole shemeji, watu wa Marseille hamjatulia tangu mzaliwe, hata mkifa mnabishana na wabeba jeneza. Meza nzima ikacheka. Roseline naye alicheka kidogo, lakini kwa mapenzi.

Jumapili, 15 Oktoba

Mazoezi yameanza. Bibi amenifundisha siri: Cézanne alikuwa akiwaambia watu aliowachora wakae kama tufaha, maana tufaha halitikisiki. Roseline akanitafutia tufaha jekundu, akaliweka mezani niliige. Kisha akaketi mbele yangu na penseli kunichora. Ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Nani anaweza kukaa kama tufaha mbele ya ulimi ule?

Nilidumu mpaka kengele ya kanisa. Halafu nikasinzia, nikaanguka na kiti, nikaangukia bakuli la supu la urithi. Baba mkwe akauliza kwa utulivu kama tufaha nalo limeumia.

Jioni Bibi alituhadithia kwamba tarehe kama ya leo Cézanne alinyeshewa akichora nje, akaendelea kuchora, na wiki moja baadaye akafariki. Roseline alilia, akanishika mkono. Bibi akasema alie tu, lakini mwavuli ulikuwepo siku zile.

Bibi hana adabu na marehemu yeyote. Anasema babu yake yeye alimfukuza Cézanne shambani kwa mbwa, akidhani ni mwizi wa zabibu, na kijiji kizima kilikuwa kikimcheka mzee yule mwenye koti lililojaa rangi. Leo ukiuliza, kila babu wa Peyrolade alimpa kiti na glasi ya mvinyo! Mwokaji anauza mkate wa umbo la mlima wake. Kinyozi ametundika matufaha yake. Wachoraji wakubwa waliokuja baadaye, hata wale wa kuweka macho mawili upande mmoja wa pua, walimwita baba yao. Bibi anasema baba wa watoto kama wale angefaa kuombewa.

Mimi kilichonishangaza ni kwamba alimficha baba yake habari za mwanamke wake na mtoto kwa miaka mingi. Kumficha! Mimi Roseline wangu namtangaza hata kwa mteja anayejaribu viatu dukani.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimefikiri. Kutulia ni njia ndefu. Njia fupi ni Barthélemy kutotulia.

Mpango: yule asiye na kiko huvaa koti la manjano, mwenye kiko huvaa la kahawia. Kwa kura, koti la manjano ni la Barthélemy. Nyuma ya kanisa kuna waridi mwitu, na ndani ya matunda yake mna vinyweleo vinavyowasha kama upupu. Watoto wa hapa wote wanavijua. Nimepasua matunda kofia nzima, nimevipaka ndani ya ukosi wa lile koti pale chumba cha mapambo. Nimefanya nikiimba.

Roseline aliuliza kwa nini ninajikuna. Nikamwambia ni damu inayochemka nikimwona. Akanibusu. Redio ikawashwa.

Alhamisi, 19 Oktoba

Leo zoezi la mavazi. Maafa.

Barthélemy alikuwa ameshika koti la manjano, mkono mmoja tayari ndani. Hapo Baba mkwe akasema huyu anaketi kama gunia la viazi, hebu leta koti nikuonyesheni wanaume walivyokuwa wakiketi. Akalivaa yeye! Akaketi. Akatulia vizuri sana, kwa muda mfupi. Kisha bega moja likapanda. Kisha la pili. Kisha akasimama akajisugua kwenye nguzo ya ukumbi kama ng'ombe, akitaja watakatifu ambao sidhani wamo kwenye kalenda.

Bibi akasema ni viroboto, koti lifuliwe mara moja kwa mkono. Na nani afue? Mkwe mpya, ili ajifunze shughuli. Nimelifua. Mikono yangu mpaka viwikoni ni myekundu kama kamba wa kuchemsha. Roseline ameipaka mafuta ya zeituni, kidole kimoja kimoja, akinipulizia. Heri ya viroboto!

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimeuona udhaifu wake!

Leo upepo wa mistrali ulivuma hata mbao za madirisha zikapiga makofi, basi wanaume wote waliingia baa kucheza karata za beloti. Nilijifanya nasoma gazeti, namwangalia Barthélemy. Mtu yule hana siri! Akipata ghulamu mmoja, ile karata ya J, anapiga mluzi. Akipata wawili, anatikisa mguu. Kuna mwaka alipata maghulamu wote wanne mkononi, na katika beloti hakuna kundi linalolipita hilo. Mwenye baa anasema Barthélemy alipanda juu ya kiti kutangaza, akambusu padri. Na si yeye tu. Hakuna mwanamume kuanzia hapa mpaka Marseille anayeweza kushika maghulamu wanne na kunyamaza. Na lazima utangaze mwanzoni mwa mchezo, ukichelewa alama zake zimepotea.

Sasa, zile karata za kwenye picha yetu ni nyeupe, hazina kitu. Bibi anasema zamani zilitumika za kweli, na kila mwaka wale wawili waliishia kucheza.

Nimemwomba Bibi heshima ya kuiandaa meza Jumapili. Akanipapasa shavu, akasema naanza kuwa mtu wa nyumbani.

Jumamosi, 21 Oktoba

Tayari! Nimenunua karata mpya. Za Barthélemy: maghulamu wanne, na ree mbili, zile karata za A, juu yake kama sukari. Zangu: takataka tupu, saba na nane, ili nisije nikashawishika. Mtu mwerevu hufikiria pande zote.

Nimempeleka Roseline kukitazama kijumba kwa nje. Alichungulia dirishani, akaweka pua kwenye kioo. Akasema pale pazia jeupe, pale meza, na pale kitanda, na asubuhi mlima utakuwa wa kwanza kutuona. Halafu, polepole, akasema amechoka kucheka ndani ya mto. Anataka kucheka kwa sauti nyumbani kwake. Nimemwahidi. Nimemwambia kesho jioni utacheka mpaka uamshe mbuzi.

Jumapili, 22 Oktoba

Siwezi kuandika. Naandika.

Uwanja umejaa. Wageni na kamera zao, Bibi kwenye kiti mstari wa mbele, Roseline kavaa gauni la bluu. Tumeketi. Kiko mdomoni mwangu. Barthélemy akavua miwani kwa sababu kwenye picha hakuna miwani, akaiweka mfukoni. Kengele. Tukaokota karata.

Nilimwangalia chini ya ukingo wa kofia. Sasa, nikasema moyoni. Sasa!

Hakuna. Hakupiga mluzi. Hakutikisa mguu. Anazitazama karata kama mtu anayetazama ukuta.

Nikasubiri. Labda bado hajaamini. Nzi akatembea juu ya chupa. Mjerumani mmoja akamsifia mwenzake mikono yangu, kwamba wekundu wake ni wa kweli kabisa. Barthélemy kimya. Maghulamu wanne! Mtu anaweza kumaliza maisha yake yote asiwashike tena! Marehemu baba yangu alicheza beloti tangu utoto mpaka kaburini, hakuwahi kuwapata, na huyu kawashika kama risiti ya sabuni!

Jasho likanitoka. Nikajiambia mimi ni tufaha. Mimi ni tufaha. Lakini nafasi ya kutangaza inapita! Inapita! Anazitupa bure! Kitu kikanipanda kutoka tumboni, kikapita kifuani, kiko kikaanza kugonga meno.

Nilisimama. Kiti kilianguka. Nilipiga meza kwa ngumi na kupaza sauti, mpaka njiwa wa kanisa wote wakaruka: Tangaza, pumbavu wee! Unao wote wanne! Tangaza!

Ikawa vurugu. Wanaume wote wa kijiji waliruka kamba iliyowatenga watazamaji, waje kutazama karata. Baba mkwe akafika wa kwanza, akainama nyuma ya bega la Barthélemy, akapiga kelele kwamba ni kweli, wanne, Mama yangu, wanne! Mwenye baa akavua kofia. Padri akarudi nyuma hatua kadhaa kwa tahadhari. Wote wakamzonga Barthélemy, tangaza mwanangu, tangaza. Na yeye? Katulia. Kope tu. Alikaa hivyo mpaka kengele ya mwisho.

Ndipo akavaa miwani. Akaangalia mkononi. Alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima, akapanda juu ya meza. Padri hakufika mbali.

Bila miwani haoni hata mkono wake mwenyewe! Alidhani ni zile nyeupe!

Bibi alinyanyuka, akaja polepole na magoti yake. Akaniuliza ni nani aliyeandaa meza. Nikatazama viatu. Akauliza tena, mkwe wangu, nani? Halafu akaweka ufunguo katika kiganja cha Barthélemy, akanigeukia, akasema hiki ni kiti cha Cézanne, aliyeuchora mlima mmoja miaka na miaka, na wewe saa moja imekushinda.

Roseline nilimkuta nyuma ya kanisa, mabega yanatikisika. Nikapiga magoti. Nikaomba msamaha kwa pazia, kwa kitanda, kwa kila kitu. Akainua uso. Alikuwa akicheka! Kwa sauti! Machozi yanamtiririka. Lakini baadaye aliutazama mlima, akasema lile pazia jeupe alikuwa ameshalikata. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu, 23 Oktoba

Pikipiki tatu zimeshaingia. Nimeziona kupitia dirishani.

Lakini si mwisho! Bibi amesema Barthélemy ana ufunguo kwa mwaka mmoja tu, mpaka sikukuu ijayo, na atakayetulia vizuri kuliko wote mwakani ndiye atakayeuchukua. Matumaini! Ila kamati imekutana asubuhi, na kwa sababu yangu karata zimepigwa marufuku. Mwakani wataonyesha picha nyingine ya Cézanne, ile ya wanawake wengi wanaooga mtoni chini ya miti, na wametangaza kwamba ni ya wanawake peke yao, watavaa nguo nyembamba za rangi ya mwili.

Barthélemy amekata tamaa mara moja. Hapo ndipo tofauti yetu ilipo. Yeye hana akili ya kutazama.

Mimi nimeitazama picha ile kwenye kitabu cha Bibi mchana kutwa. Nyuso hazionekani vizuri. Wengine nyuso hawana kabisa! Wengi wamegeuza migongo. Na mimi nina mgongo mzuri, Roseline mwenyewe amesema mara nyingi. Katika kundi kubwa kama lile, chini ya mti, nani atamhesabu mmoja zaidi? Huyo mmoja akitulia kuliko wote, Bibi atasema nini?

Nimeanza maandalizi leo, maana kifua changu kina kazi. Roseline amegonga mlango wa bafu anauliza kwa nini nimechukua wembe wake.

Nimemwambia ni kwa ajili ya mapenzi.