Roho Inakimbia

Jumapili, 1 Juni 2003

Ngoma. Du. Du-du. Kimya. Du. Bado ninaisikia.

Ilikuwa baada ya amina ya mwisho, watu wote wameinamisha vichwa. Kanisa letu liko ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa duka la samani, katikati ya mji, na ghorofa ya chini yetu kuna kanisa jingine ambalo hupiga ngoma. Nikakasirika. Ibada ilipokwisha nikashuka ngazi kwenda kuwaomba wastaarabike. Mlango una kufuli. Hakuna mtu. Ngoma inaendelea. Nikapanda ngazi: ikaongeza kasi.

Ulikuwa moyo wangu!

Nimeamua kuwa ni ishara. Kwa sababu leo hii hii Mwalimu Placide ametangaza kuwa anahamia Durban, na Jumapili ya tarehe 29 waumini watapiga kura kumchagua mwalimu mpya wa kwaya. Wagombea wawili: mimi na Emérite.

Mimi: miaka ishirini na tatu, shahada ya hisabati, cheti cha muziki, nasoma nota bila kutikisa midomo. Emérite: Mrundi, msusi, hasomi nota hata moja. Sauti anayo, sikatai. Na watu wanampenda. Sababu sijaipata, ingawa nimeichunguza.

Nautaka ualimu huu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Tangu tuhamie hapa kutoka Morogoro, nikiwa na miaka kumi na minne, sijawahi kusimama mbele ya watu wakanifuata.

Jumanne, 3 Juni

Nimekula sahani nne za ugali. Nilipoinuka, sketi ikabaki kwenye kiti. Nimepungua kilo sita tangu Pasaka. Bidii inakula mwili!

Pia joto. Nimefungua madirisha yote. Baba akaingia sebuleni amevaa makoti mawili, akasema eish, hii ni Kensington mwezi wa sita, baridi ya kugandisha maji, na kama nataka kumuua nitafute njia ya haraka zaidi. Baba alikaa uhamishoni Tanzania miaka kumi na saba bila kulalamika. Ameanza aliporudi kwao.

Nimehesabu mapigo ya moyo kwa saa ya mkononi. Mia na kumi na nane kwa dakika, nikiwa nimekaa. Nimesoma mahali kwamba zamani wanamuziki walipima mwendo wa wimbo kwa mshipa wa mkono. Hapo ndipo mpango ulipozaliwa. Placide ana kimashine cha kupimia mwendo, tik, tak, tik, tak, kinachompa mjinga na mwerevu mwendo uleule. Kikipotea, kwaya itahitaji mtu mwenye mwendo ndani yake.

Kimepotea. Kiko kwenye kabati la vitambaa vya madhabahu, chini ya kile cha zambarau.

Jumamosi, 7 Juni

Mazoezi. Kimashine kimetafutwa kila mahali. Nimesaidia kutafuta. Kisha nikashika mshipa wangu kwa vidole viwili, nikafumba macho, nikaanzisha.

Wimbo wa dakika sita umekwisha kwa dakika tatu na nusu! Sauti ya nne wote jasho. André, mpiga kinanda, ameomba maji. Emérite akauliza, kwa upole wake ule wa kukera, "Dada Hyasinta, kuna taxi tunaikimbilia?" Wakacheka wote. Naandika tarehe ili nikija kumsamehe nijue namsamehe la lini.

Lakini! Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Si hofu, inatetemeka yenyewe siku nzima, hata chai namwaga. Mzee Zephania, mzee wa kanisa, mtu mkavu asiyemsifu yeyote, akanifuata mlangoni na kuniambia kwamba ameona Roho juu ya vidole vyangu. Na Watanzania wote hupiga kura anapopiga Mzee Zephania. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nyumbani nimeurudia unyenyekevu huo mbele ya kioo. Uko vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Maziko ya bibi mmoja wa kanisani. Placide akaniachia kwaya. Nafasi yangu!

Mapigo mia na ishirini na sita. Nikaanzisha wimbo wa kuaga. Ubeti wa pili wafiwa walikuwa wanapiga makofi. Ubeti wa tatu wabeba jeneza walikuwa wanakwenda mchakamchaka na mchungaji anakimbia nyuma yao ameshika kanzu. Mtoto mkubwa wa marehemu akaniambia baadaye kwamba mama yake hakupenda mambo ya polepole, ahsante sana. Sijui kama alikuwa anatania.

Halafu aibu. Kaburini, katikati ya kiitikio, moyo ukaruka. Pigo moja likapotea, mawili yakaja kwa pamoja, kimya, kisha matatu. Mkono wangu unafuata moyo, kwaya inafuata mkono. Sauti ya kwanza wakaingia, sauti ya tatu wakatoka, André akafunga kitabu. Emérite akapiga mguu chini, pu, pu, pu, na wote wakamshika yeye kama watu wanaoshika ukuta gizani.

Amenikonyeza kana kwamba tumefanya pamoja. Ujanja gani huu?

Jumatatu, 16 Juni

Sikukuu. Sote nyumbani. Mama alikuwa anachambua mchele, mara akaniangalia.

"Hebu meza mate."

Nikameza.

"Meza tena. We Hyasinta, geuka huku kwenye mwanga."

Kuna kitu kinapanda na kushuka shingoni mwangu. Mama akasema ni rovu, shangazi yake wa Mbinga alikuwa nalo kubwa kama papai, na macho nayo yamenitoka kama mtu aliyekanyaga nyoka. Mimi nilidhani macho yangu yamepata kina. Wiki tatu nimekuwa nikiyapenda!

Jumatano hospitali, amesema. Nimefunga skafu shingoni kanisa lisione. Naungua ndani yake.

Jumatano, 18 Juni

Nesi, Sista Lerato, ndiye aliyenipokea. Akashika mkono wangu huku anamsimulia mwenzake harusi ya binamu yake. Akahesabu. Akaacha habari za harusi. Akahesabu upya, safari hii kwa dakika nzima, na uso wake ukawa wa kazi.

Wakanibandika nyaya kifuani. Mashine ikatoa ukanda wa karatasi. Niliuomba. Umbali kati ya kilele na kilele haufuati kanuni yoyote, nimejaribu tatu.

Daktari akaeleza vizuri sana, ningempa alama themanini. Shingoni kuna tezi inayouambia mwili uende kasi gani. Yangu imesahau kunyamaza. Inamwaga dawa yake ndani ya damu usiku na mchana, ndiyo maana nakula na kukonda, natetemeka, nasikia joto. Moyo nao unatii. Umetii mpaka umechanganyikiwa: vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga. Damu ikikaa humo bila kusukumwa inaweza kuganda, na kipande kikapanda kichwani. Nikamuuliza uwezekano ni asilimia ngapi. Akasema si swali la hesabu. Kila kitu ni swali la hesabu.

Vidonge vya aina mbili: vya kuituliza tezi, vya kuupunguza moyo mwendo. Nianze leo, nirudi wiki ijayo.

Nikauliza kama naweza kuanza tarehe thelathini, kwa sababu ya kwaya. Sista Lerato akauliza kwaya ipi, ya hapa au ya mbinguni.

Jumamosi, 21 Juni

Nimewaza kwa makini. Vidonge vitaondoa mtetemeko. Mtetemeko ukiondoka, Roho ataondoka kwenye vidole, na Mzee Zephania ataondoka na kura zake. Siku nane tu! Shangazi wa Mbinga aliishi na lake miaka arobaini.

Vidonge viko ndani ya buti la mvua. Mama nimemwambia nakunywa. Nami nakunywa kweli, maji.

Jumatano, 25 Juni

Sikurudi hospitali. Nilikwenda mjini kununua kitambaa cha kushonea joho la mwalimu wa kwaya. Ngazi za kanisani nimepumzika mara tano. Mapigo siwezi tena kuyahesabu, yananipoteza.

Jumapili, 29 Juni

Naandika nikiwa kitandani. Cha hospitali.

Jana ilikuwa mazoezi ya mwisho. Niliinua mikono, nikaona dari inashuka kwa adabu, nikaangukia sauti ya tatu. Emérite alinifikia wa kwanza. Akanilaza, akaweka sikio kifuani kwangu, na kwa sauti ile ile inayojaza jengo akapiga kelele: "Roho inakimbia! Mungu wangu, roho inakimbia!"

Sasa. Emérite amekulia Bujumbura na Uvira. Huko kwao roho ni moyo, huu wa nyama, unaosukuma damu. Kwetu roho ikikimbia mwenyewe harudi kuuliza imekwenda wapi. Watanzania wote wakavua kofia. Mzee Zephania akaanzisha wimbo wa kuaga. Mama, aliyekuwa anapanda ngazi na chupa ya chai, akausikia akiwa ghorofa ya pili, na chai imebaki hukohuko. Nami nilikuwa nasikia kila kitu kwa mbali, na jambo moja lilinifanya nifumbue macho: walikuwa wanaburuza. Nikainua kidole kuwaongezea mwendo. Wanawake wawili wakakimbia.

Wamenitia dawa kwenye mshipa. Daktari aliuliza kama nilikunywa vidonge. Mama akajibu kwamba nilikunywa. Nikalitaja buti.  Mama alinishika mguu juu ya blanketi, akaushika hivyo hivyo kwa muda mrefu. Sikupenda. Afadhali angegomba.

Baadaye, jioni

Mama amerudi kutoka kanisani na matokeo. Alitaka kuyaficha. Hawezi kuficha.

Kabla ya kura, Emérite alisimama mbele ya watu wote akilia. Akasema: "Ndugu zangu, Hyasinta ako na roho mubaya. Ako nayo siku mingi. Alikuwa anatuficha. Tumuombee."

Waumini wakaguna. Mama anasema haikuwa miguno ya mshangao. Dada mmoja akasema yeye alishanigundua zamani. Mwingine akakumbuka siku niliyomsahihisha sala yake. Mzee Zephania akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyedanganywa na vidole.

Emérite, kura arobaini na moja. Mimi, tatu. Mama, Baba, na ya tatu Mama ameiona kwa macho yake ikikunjwa: ya Emérite.

Mkakati wa kutisha. Kunipigia kura ili asishukiwe!

Jumatano, 2 Julai

Mapigo themanini na nne. Nakunywa vidonge vyote, Sista Lerato anasimama mbele yangu mpaka nifunue mdomo na kutoa ulimi. Dunia imepungua kelele. Nimesoma kurasa kumi bila kusimama.

Emérite amekuja na sufuria la kisamvu. Nikamweleza alichokisema na watu walichokisikia. Alishika mdomo kwa mikono miwili. "Mimi? Nimesema dada yangu ni muchoyo? Mbele ya kanisa?" Akalia, akacheka, akalia. Akasema Jumapili atasimama arekebishe. Akasema pia kwamba ualimu tuushike wote wawili: mimi nifundishe nota, yeye aimbishe, maana bila mimi hajui karatasi iko juu au chini. Alisema hivyo na kisamvu mkononi. Kilikuwa kitamu sana. Nimekula na sijamwamini.

Ila Kiswahili chake nimekisahihisha. Nimemkaririsha mara sita: kila anapotaka kusema roho, aseme moyo.

Jumapili, 6 Julai

Baba amekuja kunieleza na amecheka mpaka Sista Lerato akamwambia hapa kuna wagonjwa wa moyo.

Emérite alisimama. Akashika orodha ya maneno niliyomwandikia. Akasema wazi, kwa Kiswahili sanifu, kila herufi mahali pake: "Ndugu zangu, nilikosea. Hyasinta hana roho mbaya. Hyasinta ana moyo mbaya."

Mzee Zephania akajibu kwa niaba ya waumini kwamba walikuwa wameshaelewa mara ya kwanza.

Jumanne, 8 Julai

Nyumbani tangu jana. Mapigo sabini na sita. Bado hayajapangana sawasawa, lakini daktari anasema tezi ikitulia huenda moyo nao ukajirudi. Nisitembee mbali, nisikasirike, nisipange mambo. La mwisho amelitia Mama, sidhani ni la kitabibu.

Tangu nikiwa hospitali, Emérite anakuja kila asubuhi kabla ya kwenda kusuka. Ananisuka na mimi, bure, taratibu, huku namfundisha nota. Anashika haraka mno. Tayari anajua ya kwanza mpaka ya tano. Amesema tena habari ya kuongoza pamoja. Amesema niseme ndiyo au hapana, yeye atangoja.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu nisiokuwa nao mwezi uliopita, na uamuzi nimeshautekeleza. Nimemwandikia Askofu kurasa nne nikiomba uchaguzi ubatilishwe kwa kosa la tafsiri, nimeambatanisha maelezo ya neno roho kutoka kamusi mbili na ukanda wangu wa karatasi kama kielelezo A. Kwa kuwa mimi siruhusiwi kutembea mpaka posta, bahasha ameipeleka Emérite. Imeondoka saa nne asubuhi. Stempu kabandika mwenyewe.

Nilimwambia ni barua ya shukrani. Akaniomba nimwongezee na salamu zake.